Filamu Yako Isiyo na Sauti

Mpendwa kaka Muia,

Nakuandikia hapa gazetini kwa sababu simu zangu huzipokei. Najua gazeti hili huletwa dukani kwako kule Kitale kila Jumapili, na najua ukurasa huu huusoma kabla ya kurasa za mpira, hata kama hutakubali hadharani. Wasomaji wangu wengine watanivumilia. Wiki hii sina habari za bunge la kaunti. Nina habari za filamu moja ya kutisha, ya zamani, ya bei rahisi, iliyotengenezwa Kalama na mtu asiyejua kutengeneza filamu. Mtu huyo ni wewe.

Kwanza nieleze jambo lenyewe. Binti yako Mwende na wenzake wanaandaa siku ya filamu za kutisha katika ukumbi mmoja hapa mjini Machakos, Jumamosi ijayo. Wanataka za zamani, na zile zilizotengenezwa bila fedha na watu wa huku kwetu. Waliniomba niwe mmoja wa watu watatu wa kuzipima na kuchagua. Nikakubali. Filamu yako, *Nipe Maji*, ilikuwa ndani ya rundo. Mwende ndiye aliyeiweka. Ulipoarifiwa, ulituma ujumbe: "Futeni. Ni aibu."

Nimefanya kazi hii ya habari muda mrefu. Mtu akinijibu kwa ufupi namna hiyo huwa sifungi daftari.

Nimeudhika, kaka. Nimeudhika na wewe, nimeudhika na Mwende, na nimeudhika na wale wenzangu wa kupima filamu. Nitaeleza kwa utaratibu.

Unalikumbuka banda lako la video. Lile la mabati, nyuma ya bucha ya Kioko pale Mumbuni, dirisha limezibwa kwa gunia, sakafu ya udongo, benchi zisizo na mgongo. Jumapili watu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja, akina mama na Biblia zao mapajani. Wewe ulikaa kwenye stuli kando ya televisheni, maiki mkononi. Sauti ya filamu uliizima, ukaweka ya kwako. Watu walikuita dijei, ingawa hukuwahi kucheza muziki.

Filamu zenyewe zilitoka kila mahali. Za Wazungu wa zamani, zisizo na rangi. Za Wachina. Za Afrika Magharibi, ambazo wachawi wake walipiga kelele toka mwanzo hadi mwisho. Nyingi hukujua zinasema nini, na wala hukujali. Mzungu mwenye koti jeusi akiinuka kutoka kwenye jeneza, wewe ulitangaza kwa sauti ya upole kabisa: "Huyu bwana aliuza shamba la mamake. Sasa usingizi umemkataa." Banda zima likaguna. Akina mama wakatikisa vichwa. Hapo koti na meno ya plastiki viliacha kuwa vya Ulaya. Yule alikuwa mtu tunayemjua.

Ulinifundisha kupima filamu ya kutisha, na sijapata kipimo bora tangu hapo. Nilikuwa nimeanza kuandika, najiona mjuzi, nikakwambia kwamba ile filamu ya maiti zinazotembea ni ya kijinga, rangi ya uso inaonekana imepakwa kwa kidole. Ukaniuliza, "Miguu yako uliiweka wapi?"

"Miguu gani?"

"Yako. Pale maiti ilipoingia jikoni."

Nikafikiri. Miguu yangu ilikuwa juu ya benchi, nimeikunja kama mtoto. Ukacheka hadi ukakohoa. "Mdomo unasema ni ya kijinga. Miguu imekataa kukaa chini. Mimi naamini miguu."

Ndivyo ulivyopima. Hukutazama televisheni, ulitazama chini ya benchi. Filamu ambayo watu waliitazama huku nyayo zimetulia sakafuni uliirudisha kwa mwenyewe na hukuileta tena, hata ingekuwa mpya na ya gharama. Ile iliyonyanyua miguu uliirudia mpaka kanda ikaanza kukwaruza.

Sasa nisikilize ninavyozipima mimi leo, maana hapa ndipo watu wananikera. Si kila filamu ya zamani ni nzuri. Si kila iliyotengenezwa bila fedha ina moyo. Katika lile rundo nimetazama nyingi ambazo ni uvivu mtupu: mtu anapiga mayowe, kamera inatikiswa, sosi ya nyanya inamwagwa, basi. Umaskini wa mtengenezaji haumpi alama kwangu. Lakini kuna zile ambazo kukosa fedha kuliwalazimisha watengenezaji wafikiri. Hawakuwa na uwezo wa kutuonyesha jitu, wakatuonyesha mlango na kutuacha nao. Hawakuwa na waigizaji, wakamchukua jirani, na jirani haigizi. Anakutazama tu kama anavyokutazama ukipita bila kumsalimu. Hawakuwa na jumba la kujengwa, wakatumia nyumba ambamo kweli watu wamelala, wameugua, wamegombana. Hizo ndizo ninazozitetea.

Na kuna kundi jingine linaloniudhi kuliko wanaozidharau. Ni hawa vijana wanaozipenda kwa sababu ni mbaya. Wanakuja kucheka. Wanaita wenzao waje kucheka. Mmoja aliniambia, "Auntie, hii yenu ni mbaya hadi ni tamu!" Alidhani amenisifu. Ukiicheka filamu tangu jina lake linapotokea, haiwezi kukufanya lolote. Umejifungia mlango, halafu unasema mgeni hana adabu kwa kuwa hakuingia.

Basi nirudi kwa yako.

Uliazima kamera kwa yule jamaa aliyekuwa akipiga picha za harusi. Kamera ilikuwa haichukui sauti mpaka uichomeke maiki yake, na jamaa alikupa maiki ukaiacha mezani. Alikufuata hadi barabarani akidhani umesahau. Ukamwambia, "Ya nini? Sauti nitaweka mwenyewe." Bado namsikia akisimulia hadithi hiyo kila anaponiona. Anaisimulia kama kichekesho, na sikatai. Hakuna mtengenezaji filamu popote ambaye angefanya kosa hilo. Lakini wewe hukuwa mtengenezaji filamu. Ulikuwa mtu wa stuli kando ya televisheni. Kwako wewe sauti haikuwahi kutoka ndani ya filamu. Ilitoka bandani, kwa mtu aliye hai, mbele ya watu.

Kisa chenyewe kilikuwa chepesi. Mwanamke alinyimwa maji na jirani wakati wa kiangazi. Akafa. Sasa anarudi na mtungi wake kila usiku, anasimama mlangoni kwa yule jirani, anaomba maji. Basi. Watu wa Kalama hawakuhitaji kuelezwa zaidi.

Dada wa kwaya aliyekubali kuwa marehemu alijitoa siku yenyewe, kwa kuwa aliambiwa eti kuigiza kifo ni kukialika. Mwaitu, mama yetu, alikuwa anachambua mahindi ya muthokoi. Wewe ndiye uliyenisimulia alivyosema, bila kuinua macho kwenye ungo: "Mimi niko na umri huu. Kifo kinajua kwangu bila kuonyeshwa na kamera. Nitasimama, lakini sitalala kwa vumbi."

Hivyo mama yetu akawa mzimu. Umempiga picha mchana wa jua kali, kamera umeifunika kwa ile karatasi ya buluu ya kung'aa wanayofungia zawadi za harusi, ili ionekane ni usiku. Anatoka kule mtoni na mtungi wa plastiki mgongoni, ameubeba kwa mukwa, ule mkanda wa ngozi uliopita kwenye paji la uso, kichwa kimeinama mbele kama alivyotembea maisha yake yote. Haharakishi. Hageuki. Kivuli chake kinaonekana wazi, na mzimu hauna kivuli. Hilo ni kosa. Kivuli chako wewe pia kinaonekana, umeinama na kamera. Kuna nguzo ya simu. Na nyuma yake, katika huo unaoitwa usiku wa manane, kuku wanachakura.

Nilikuwepo ulipoionyesha mara ya kwanza. Kioko wa bucha, aliyekuwa na mdomo mpana kuliko mlango wake, alisimama katikati ya banda.

"Muia! Kuku wanatembea usiku wapi? Hiyo ni Kalama ama ni mbinguni?"

Banda likapasuka kwa kicheko. Mama mmoja aliangusha Biblia. Nikasema moyoni, basi, kaka yangu amekwisha. Wewe hukuinua sauti. Uliisogeza maiki karibu na mdomo, ukangoja wachoke kucheka.

"Kioko," ukasema, "umeuliza vizuri. Kuku wa watu wamelala. Hawa ni wa nani?"

Ukaelekeza kidole kwenye televisheni.

"Angalia huyo mweupe. Wewe ndiwe uliyemchinja, siku ya mazishi ya huyu mama."

Kioko akakaa. Nikatazama chini ya benchi kama ulivyonifundisha. Viatu vyake vya kazini vilipanda polepole, kimoja, kisha kingine.

Kaka, nimetazama filamu nyingi tangu siku ile. Sijaona mtu mwingine akichukua kosa la wazi namna hiyo, mbele ya watu wanaomcheka, na kuligeuza kuwa jambo la kutisha kuliko yote katika filamu. Halafu unaniandikia, "Ni aibu."

Sasa nikueleze yaliyotokea wiki iliyopita. Mwende anakupenda, nataka uanze na hilo unapokasirika. Anafanya kazi ya kuhariri video kule Syokimau, na aliona akuandalie zawadi. Akaichukua kanda, akaiingiza kwenye kompyuta, akaisafisha. Tulikaa watu watatu wa kupima, naye pembeni, tukaitazama.

Usiku sasa ni usiku kweli, kuna mwezi na ukungu. Nguzo haipo. Kivuli hakipo. Kuku hawapo, amewafuta mmoja mmoja, akaniambia ilikuwa kazi ngumu. Macho ya mwaitu yamekuwa mekundu. Na anapofika mlangoni na kufungua mdomo, inatoka sauti ya mwanamke kijana aliyesoma vizuri, anasema, "Nimerudi kuchukua roho zenu!" Mwaitu hakuwahi kumwambia mtu yeyote neno kama hilo. Hata wakati wa kugombana alisema, "Haya, basi, kula kwanza."

Lakini kilichonisimamisha ni kingine. Mtungi ulikuwa mgongoni mwake na hapakuwa na kitu kilichoushika. Nikaomba turudishe nyuma. Nikasogea karibu. Paji la uso lilikuwa tupu, laini.

"Mwende, mukwa uko wapi?"

"Nini, auntie?"

"Mkanda. Ulipita hapa kwa uso, ukashika mtungi."

Akatazama, kisha akaniangalia. "Huo mstari? Nilidhani ni mkwaruzo wa kanda. Kompyuta ilionyesha ni mkwaruzo, nikauondoa."

Sikumgombeza. Mtoto amekulia mjini, maji yanatoka kwa mfereji, atajua mukwa kutoka wapi? Sisi ndio hatukumwambia. Lakini kabla sijasema chochote, mwenzetu mmoja, bwana anayetengeneza matangazo ya biashara, akapiga paja.

"Hapana, acheni hivyo! Mtungi unaelea! Hiyo ndiyo inatisha pekee yake kwa hii filamu yote!"

Na mwingine akaunga mkono. Wakaandika alama. Alama za juu, kaka. Filamu yako ilipata alama za juu kwa sababu ya kitu kilichofutwa kwenye uso wa mama yetu.

Nikawaambia kwamba mwanamke anayebeba mtungi unaoelea hana mzigo, na asiye na mzigo hana sababu ya kurudi kuomba maji. Nikawaambia kinachotisha ni ule mkanda. Amekufa na bado anateka maji. Yule wa matangazo akaniuliza kwa heshima kama nina ukaribu na filamu hii unaonizuia kuipima sawasawa. Nikamwambia ndiyo, ninao, na yeye hana hata kidogo, ndiyo maana hakuona.

Niliomba tuitazame ile ya asili. Wakakubali kwa shingo upande. Ikapita kimya kabisa. Chumba chenye watu wanne, mashine ya kupoza hewa inaguruma, na mwaitu anatembea katika mchana wa buluu. Yule wa matangazo alicheka alipowaona kuku. Nilitaka kumjibu kama ulivyomjibu Kioko, nikafungua mdomo, nikagundua siwezi. Maneno nayajua yote. Sina hiyo sauti. Nikisema mimi, ni mwanahabari anayetoa maelezo.

Nikawa sina la kufanya ila kutazama, na kutazama ndiyo kazi yangu. Ndipo nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona bandani, kwa sababu bandani wewe ulikuwa unazungumza.

Pale mlangoni, siku zote ulimsemea mwaitu maneno mawili: "Nipe maji." Kwa sauti yako, nzito, ya chini. Sote tulijua ni hayo. Lakini midomo yake haisemi hayo. Inakwenda muda mrefu zaidi. Anasema kitu, anatua, anaongeza, kisha kona ya mdomo inapanda kidogo kama mtu anayejizuia kucheka, halafu anakumbuka amekufa, ananuna. Na hatazami mlango. Anatazama juu kidogo ya kamera. Anakutazama wewe.

Nilirudisha nyuma mara nyingi hadi Mwende akaniwekea mkono begani. Nimejaribu kusoma midomo. Sijafaulu. Inaweza kuwa Kikamba, inaweza kuwa Kiswahili. Inaweza kuwa anakuuliza kama umefunika sufuria. Siku ya kuipiga filamu mimi nilikuwa Makueni kazini. Kamera haikuwa na maiki. Dada wa kwaya alikuwa amekwenda zake. Mtu mmoja tu alisikia.

Kwa hiyo nimefikia hitimisho, na utanisahihisha kama nimekosea. Huoni aibu ya kuku wala ya nguzo. Hukuwahi kuona aibu ya vitu hivyo, ulikuwa unavitafuta. Tangu tulipomzika mwaitu umekuja nyumbani mara moja, ukalala hotelini mjini. Hutaki kuitazama filamu kwa sababu yumo ndani yake, anakwambia kitu. Ningekuelewa kama ungesema hivyo. Lakini ulisema "Futeni," na kufuta huko kutaniondolea mwaitu mimi pia, na Mwende, ambaye hajui nyanyake alitembeaje.

Nimeamua hivi. Ile iliyosafishwa haitaonyeshwa. Mwende mwenyewe ndiye aliyeiondoa, baada ya mimi kumfunga mukwa kichwani na kumbebesha mtungi uliojaa hadi getini na kurudi. Alikwenda akakaa. Kanda ya asili iko kwangu Mumbuni, kwenye kabati la vyombo, mbali na jua. Kama hutaki ionyeshwe hata hiyo, mpigie binti yako, umpe sababu ya kweli kwa sauti, siyo kwa ujumbe, nasi tutaiacha. Hiyo ni haki yako na nitaiheshimu.

Usipompigia, itaonyeshwa Jumamosi saa nane mchana, na kuku wake. Kutakuwa na stuli kando ya skrini. Wale vijana watakuja kucheka, na hatakuwepo wa kuwajibu isipokuwa wewe. Ukikaa pale uwaambie lolote unalotaka, "Nipe maji" kama zamani, sitakusahihisha mbele ya watu. Lakini baadaye, tukiwa wawili, nataka uniambie mwaitu alisema nini. Usipokuja, atafungua mdomo mbele ya ukumbi mzima, nami nitakuwa nimesimama nyuma, namtazama kama mtu yeyote aliyeingia tu, bila kujua.

Salamu kwa shemeji na wote wa hapo. Safari ni ya siku moja.

Ni mimi,
Dada yako